Waya wa Baharini si Sadaka

Maneno ni vyombo, na chombo kikitoboka humwaga kilichomo. Katika mazungumzo yetu ya siku hizi limo neno moja lililotoboka, ambalo kwa maoni yangu limekwisha kumwaga mengi ya thamani. Nalo ni neno "kupewa", litumiwapo juu ya umeme unaovuka bahari kutoka Tanzania Bara kwenda Unguja na Pemba. Husemwa kwamba Zanzibar inapewa umeme. Husemwa hivyo barazani, husemwa hivyo ndani ya mabasi, na, jambo lisikitishalo zaidi, husemwa hivyo hata na vijana wa vyuo vikuu ambao wamefundishwa kulipima neno kabla ya kulitamka. Nia ya insha hii ni kulipinga neno hilo pamoja na fikira iliyojificha nyuma yake. Nalipinga kwa kuwa ni uongo, na kwa kuwa uongo huo umekwisha kuwatia watu gizani.

Yamkini msomaji atauliza: mtu akaaye Dodoma, katika nchi kavu ya mibuyu na mawe, ana haki gani ya kusema juu ya waya uliolala chini ya bahari? Haki yake ni ya maji. Mto Kizigo hukusanya mvua za sehemu za Manyoni na kuzichukua kwenda mashariki, hata zikakutana na maji ya Ruaha Mkuu katika bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Bwawa hilo lilijengwa kwanza liwe ghala la maji ya kuzungushia mitambo ya Kidatu, iliyo chini yake mtoni, yenye uwezo wa megawati 204. Baadaye, mwaka 1988, Mtera yenyewe ilipata mitambo ya megawati 80. Kabla ya gesi ya Songo Songo kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004, sehemu kubwa ya umeme wa gridi yetu ilitoka katika maji, na mengi ya maji hayo yalikuwa ya Ruaha. Kwa miaka hiyo yote tone lililoanguka juu ya nyasi za Manyoni liliweza kuwasha taa katika majumba ya Michenzani. Basi waya wa baharini ni jambo la uwanda huu wa kati kama ulivyo jambo la pwani, na mtu wa uwanda huu akisema juu yake hasemi mambo ya jirani. Asema mambo ya nyumba yake.

Na tuutazame waya wenyewe kabla ya kuugombania. Wa kwanza ulitandikwa mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Ras Fumba katika kisiwa cha Unguja. Urefu wake ulikuwa chini kidogo ya kilomita 40, msukumo wake kilovolti 132, na uwezo wake megawati 45. Mwaka 2010 Pemba nayo iliunganishwa, kutoka Tanga hadi Wesha, kwa waya mrefu zaidi wa kilovolti 33, kwa msaada mkubwa wa Norway. Mwaka 2013 ukazinduliwa waya mwingine wa Unguja, wa megawati 100, kwa fedha za Marekani zilizopitia shirika la MCC. Nao ulipita kati ya rasi zile zile mbili. Bara umeme ni wa shirika la TANESCO. Visiwani ni wa shirika la ZECO, ambalo hununua kwa jumla kutoka TANESCO na kuuza kwa rejareja kwa watu wake. Nasema hununua. Umeme hupita kwenye mita, mita husomwa, na hati ya madai huandikwa. Sijapata kuona sadaka yenye mita.

Lakini uhusiano wa pande hizi mbili ni wa ndani zaidi kuliko biashara. Umeme wa gridi zetu hauendi upande mmoja kama maji ya mfereji. Huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Mitambo yote iliyofungwa katika gridi moja ya namna hii haina budi kuzunguka kwa mapigo mamoja, kama wapiga ngoma wa kundi moja. Mpigo ukipungua Kidatu, wapungua Fumba wakati ule ule. Ziko nyaya za baharini za namna nyingine, ambamo umeme huenda upande mmoja tu, na kila nchi hubaki na mpigo wake. Hizo hutumika penye masafa marefu, maana waya wa umeme uendao na kurudi ni kama mtungi unaojazwa na kumwagwa mara 50 kwa sekunde, na ukiwa mrefu mno hunywa wenyewe kile ulichotumwa kukipeleka. Masafa ya Fumba ni mafupi, kwa hiyo waya wake ni wa kwenda na kurudi, na kwa sababu hiyo Unguja na Dodoma, katika jambo hili la umeme, zina mpigo mmoja wa moyo. Mtoa sadaka haungi moyo wake na wa maskini wake. Humtupia senti, akaenda zake.

Sasa na tuone neno hili baya limefanya nini duniani. Mwezi wa Mei mwaka 2008 kulitokea hitilafu katika waya wa Unguja, na kisiwa kizima kikakosa umeme hadi Juni, muda wa mwezi mmoja. Desemba 2009 hitilafu ikarudi, na mara hii giza likakaa hadi Machi 2010, muda wa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, na watu wakarudia visima. Wenye majenereta waliyawasha, na mji ukajaa ngurumo na moshi. Wasio nayo walikaa kimya katika giza, na maskini, kama ilivyo desturi ya dunia, wakawa wengi katika kundi la pili. Wakati huo Pemba ilikuwa haijaungwa na Bara, nayo ilitumia majenereta yake ya dizeli, ya gharama kubwa na ya kusuasua. Kukatika kule hakukuigusa. Kisiwa kilichohesabiwa kuwa nyuma kilibaki na taa zake, na kile kilichohesabiwa kuwa mbele kikazimika.

Mchumi mmoja wa Marekani, Alfredo Burlando, aliufanyia utafiti mwezi ule wa giza wa mwaka 2008, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Aligundua kwamba wale ambao kazi zao zilihitaji umeme walipoteza saa za kazi, na kwa hiyo mapato, hali wengine hawakuguswa. Halafu akatazama madaftari ya wodi ya wazazi. Akaona kwamba watoto waliokuwa matumboni, katika siku za mwanzo za mimba, wakati wa giza lile, walizaliwa na uzito mdogo zaidi. Msomaji na asimame hapa kidogo. Waya ulikatika chini ya bahari, na mzani wa hospitali ukajua. Mtoto ambaye hajaiona taa hata moja duniani alilipia taa iliyozimika kabla hajazaliwa. Je, hili ni jambo la kusemewa kwa neno "kupewa"?

Atatokea wa kunijibu kwamba hitilafu ni hitilafu, wala hailetwi na sarufi. Ni kweli kwamba neno halikati waya. Lakini neno huamua nyaya zitakuwa ngapi. Mtu anayehesabiwa kuwa mpokeaji wa hisani hupewa njia moja, akaambiwa ashukuru. Hakuna amwekeaye akiba ya hisani. Mshirika katika mkataba huuliza: njia hii ikikatika, ipo ya pili? Gharama ya giza ni ya nani? Katika miaka 28, tangu 1980 hadi 2008, mahitaji ya Unguja yalikua hadi karibu kuujaza waya wote, hoteli zikajengwa, vijiji vikaungwa, na njia ikabaki ile ile moja, na kisiwani hapakuwa na mitambo ya kutosha ya kuushika mji iwapo waya ungenyamaza. Ni baada ya giza mbili ndipo majenereta ya dharura yalipowekwa Mtoni. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Walikuwa hawajaiona kamba ambayo urefu wake wote ni mahali pamoja, kwa kuwa haina mwenziwe.

Twende mwaka 2017, maana hapo neno lilivua nguo likaonekana jinsi lilivyo. Mwezi wa Machi mwaka huo Rais John Magufuli, akiwa Mtwara, aliliagiza shirika la TANESCO liwakatie umeme wadaiwa wote bila kumwogopa mtu, na Zanzibar ikatajwa miongoni mwao. Deni lililosemwa lilikuwa la zaidi ya shilingi bilioni 120. Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Dkt. Ali Mohamed Shein, alijibu kwa utulivu kwamba wakikatiwa watawasha taa za mafuta. Waya haukukatwa. Sehemu ya deni ililipwa, mazungumzo yakafanyika, na mwaka 2019 serikali ya Muungano iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika umeme unaouzwa Zanzibar. Mambo yakaisha kwa amani, na ni jambo la kushukuru. Lakini swali halikuisha. Lilikuwaje jambo la uhai wa watu zaidi ya milioni moja likawekwa katika fungu moja na ofisi isiyolipa bili yake? Na je, ikiwa amri ile ingetekelezwa, ni sheria ipi ingeizuia?

Hapa ndipo palipo na ufa, na haifai tuufunike kwa mkeka. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ina orodha ya Mambo ya Muungano. Umo ulinzi, zimo posta na simu, zimo bandari na usafiri wa anga. Umeme haumo. Kwa hiyo kitu kiunganishacho pande mbili za nchi kuliko karibu kila kitu kingine, chenye mpigo mmoja kila sekunde usiku na mchana, kimeachwa kiwe biashara kati ya muuzaji na mteja. Sisemi kwamba dawa ni kuuingiza umeme katika orodha. Wazanzibari wana sababu zao za kuiogopa orodha ile isizidi kurefuka, nami naziheshimu. Nasema kwamba mkataba unaostahili jambo hili hauwezi kuwa hati ya madai tu. Lazima uandikwe, upitishwe na Bunge la hapa Dodoma na Baraza la Wawakilishi la kule Unguja, na useme wazi kwamba deni la fedha hudaiwa kwa njia za fedha, mahakamani au kwa usuluhishi, na kwamba mkono wa mwanasiasa, wa upande wowote, haugusi swichi.

Wapo wapinzani wa namna mbili, na haki yataka wote wasikilizwe. Wa kwanza wasema: deni ni deni, na mtu wa Kongwa akishindwa kununua umeme wa LUKU taa yake huzimika pale pale; kwa nini Mzanzibari abebwe? Hoja hii ina uzito, na siidharau. Umeme una gharama. Maji ya Mtera hayajilipii mishahara ya mafundi, na shirika lisilolipwa hatimaye halitengenezi transfoma za mtu yeyote, wa Kongwa wala wa Chake Chake. Deni lilipwe. Lakini tazameni jinsi mfano wenyewe ulivyopindwa. Mtu wa Kongwa asipolipa, huzimwa yeye. ZECO isipolipa, huzimwa mama wa Makunduchi ambaye amekwisha kulipa. Huyo hakukopa, alilipa kabla ya kuwasha. Kumtia gizani kwa deni la shirika ni kumpiga mtoto kwa kosa la mjomba wake. Isitoshe, madeni ya umeme ya wizara na taasisi za Bara yalitajwa pia katika habari zile za mwaka 2017, na sikusikia hata mmoja akisema kwamba Bara inapewa umeme. Neno hilo lina bahari yake. Haliuvuki mto Wami.

Wapinzani wa pili wako upande wa pili wa maji, na wao pia nawapinga. Hawa wasema: kama waya ni kamba ya kufungwa shingoni, basi na tuuvue, Zanzibar ijitegemee kwa jua na upepo wake, isimtazame mtu. Usemi huu una fahari, na fahari ni tamu masikioni. Lakini jua huchwa, na saa ambayo watu hupika na kuwasha taa ni saa ambayo limekwisha kuchwa. Betri zipo, na ni njema, lakini ni ghali, na kisiwa kilichojitenga hununua akiba kubwa kuliko kisiwa kilichoungwa, kwa kuwa hakina wa kumkimbilia siku ya mawingu. Kujitegemea kwa kweli si kukata njia zote. Ni kuwa na njia nyingi kiasi kwamba hapana hata moja iwezayo kukutawala. Pemba ya mwaka 2009 ilinusurika kwa kuwa na mitambo yake, lakini mtu asisahau bei ya dizeli ile, wala furaha ya Wapemba waya wa Tanga ulipofika mwaka uliofuata.

Wala hatuhitaji kubuni haya kwa akili zetu tu, kwa maana wengine wametutangulia. Mwaka 1954 Waswidi walitandika waya wa baharini kutoka bara lao hadi kisiwa cha Gotland, umbali wa karibu kilomita 100, wenye uwezo wa megawati 20. Ulikuwa wa kwanza wa biashara duniani katika aina ile ya umeme uendao upande mmoja. Hawakusema kwamba Gotland imepewa, imetosha. Katika miaka ya 1980 walitandika nyaya mpya mbili, na kisiwa chenyewe kikajengwa mitambo ya upepo, hata nyakati nyingine umeme ukawa unarudi bara kutoka kisiwani. Huo ndio ushirika: waya wenye ncha mbili, kila ncha ikiwa na mdomo wa kutoa na mdomo wa kupokea. Na hivi karibuni, tarehe 25 Desemba 2024, waya wa megawati 650 kati ya Ufini na Estonia ulikatika chini ya bahari. Meli moja ilishukiwa kuuburuta kwa nanga. Estonia haikuzimika. Ilikuwa na waya wa pili, ilikuwa na mitambo yake, na ilikuwa na majirani. Msiba ule ule uliotia Unguja gizani mwezi mmoja ulipita Estonia kama habari ya gazeti.

Linganisheni na yetu. Waya wa mwaka 2013 ni mali kubwa, na waliouleta wastahili sifa. Lakini umepita kati ya Ras Kiromoni na Ras Fumba, kama ule wa 1980. Nyuzi mbili zilizotiwa katika tundu moja la sindano hazihesabiwi kuwa njia mbili. Hitilafu ya pwani ile, au ya kituo cha kupozea umeme kilicho nyuma yake, yaweza kuzinyamazisha zote kwa pamoja. Tena tukumbuke zilikotoka fedha zake. Mwaka 2016 shirika lile lile la MCC lilisimamisha mkataba wake wa pili na Tanzania, wa dola zaidi ya milioni 470, uliokusudiwa hasa kwa ajili ya umeme. Na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa uchaguzi wa marudio wa Zanzibar wa mwaka huo. Sitaki hapa kuhukumu uchaguzi wala Wamarekani. Nataka tu mtu aone jinsi mambo yalivyo: ajengewaye njia kwa hisani, njia yake ya pili pia husubiri hisani. Na sisi wa Bara, tuliomwita Mzanzibari mpewa, siku ile tulionekana kuwa wapewa pamoja naye.

Nimesema kwamba jambo hili ni letu wa uwanda wa kati, nami nataka kulithibitisha zaidi, kwa kuwa mambo yamegeuka. Kutoka Singida sasa unakwenda kaskazini mstari wa kilovolti 400, kupitia Arusha na Namanga hadi Isinya nchini Kenya, ulioanza kupitisha umeme mwishoni mwa mwaka 2024. Kenya nayo imeungwa na Ethiopia. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, ili kupunguza ule unaopotea njiani kwa urefu wa safari kutoka kusini. Kelele zilizuka. Watu waliuliza: nchi yenye bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, itanunuaje umeme wa jirani? Ni aibu! Nami niliwashangaa, kwa maana hao waliona aibu ya kununua. Hakuna aliyesema kwamba Ethiopia inatupa. Tulijua mara moja, bila kufundishwa na mtu, kwamba sisi ni wanunuzi, wenye fedha mkononi na heshima kichwani. Elimu hiyo tuliyoipata kwa haraka namna ile juu ya nafsi zetu, mbona imetuchukua zaidi ya miaka 40 bila kuipata juu ya Unguja?

Uwanda huu una kumbukumbu iwezayo kutusaidia. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Unguja na pwani ilipita Ugogo kwenda Tabora na Ujiji. Nchi ilikuwa kavu, na visima vilikuwa vya watu. Watemi wa Wagogo walidai hongo, yaani malipo ya kupita na kunywa maji, nayo yalitolewa kwa nguo, kwa shanga na kwa waya wa shaba. Richard Burton alipita mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871. Wote wawili waliandika juu ya hongo wakinung'unika sana. Leo hongo ni neno la rushwa peke yake. Lakini katika asili yake ilikuwa bei, iliyojadiliwa na pande mbili, ya njia salama na maji ya kunywa katika nchi yenye kiu. Ndiyo ada ambayo hata leo hulipwa na umeme upitao nchi ya mtu ukielekea kwingine. Kwa nini neno lilianguka? Naamini ni kwa sababu wapitaji waliandika vitabu, na wenye visima hawakuandika. Upande mmoja wa mkataba ukilishika neno peke yake, mkataba hugeuka kuwa jinai au kuwa sadaka, kwa kadiri ya mapenzi ya mwenye kalamu. Babu zetu wa uwanda huu waligeuzwa wezi kwa neno. Na sisi wajukuu wao tusiwageuze wenzetu ombaomba kwa neno.

Basi nadai mambo matatu, wala sidhani kwamba ni makubwa mno. La kwanza ni mkataba wa umeme kati ya pande mbili za Muungano, uliopitishwa na mabaraza yote mawili ya kutunga sheria, uwekao bei kwa hesabu iliyo wazi na uzuiao kukata umeme wa watu kwa deni la mashirika. La pili ni kwamba kila waya mpya wa baharini upite njia yake, kutoka pwani nyingine hadi pwani nyingine, na gharama yake iwe ya pande zote mbili, kwa kuwa manufaa ni ya pande zote mbili. La tatu ni kwamba Unguja na Pemba ziwe na mitambo yao ya kuzalisha na kuhifadhi umeme. Mradi wa Benki ya Dunia uliopitishwa mwaka 2021 ulitia umeme wa jua na betri katika mpango wake, na huo ni mwanzo mwema. Siku moja, wakati wa kiangazi, Mtera ikiwa imekauka kama ilivyopata kukauka, na jua la visiwani likiwaka, umeme na uvuke bahari kuja huku. Siku hiyo taa ya Dodoma itawaka kwa jua la Makunduchi, na hapana mtu wa Dodoma atakayekubali kuambiwa kwamba amepewa.

Nanyi wanafunzi, ambao kazi yenu na yangu ni lugha, msidhani kwamba mmeachwa nje ya jambo hili kwa kuwa hamjui kuunganisha nyaya. Mhandisi hujenga kile kilichokubaliwa, na watu hukubali kile walichoweza kukitamka. Kiswahili hakina upungufu hapa. Kina kuuza na kununua, kina kuungana na kushirikiana, kina kukopa na kulipa, kina kubadilishana. Kila moja ya maneno haya lina ncha mbili, kama waya. Mtu akisema mbele yenu kwamba Zanzibar inapewa umeme, msimwache apite. Mwulizeni mita ni ya nini.